Maswali ya Wasomaji: Kwa nini kipimo cha ugonjwa wa ngano kinatafuta kimeng'enya?

Barua za safari hii karibu zote zimezunguka jambo moja: ugonjwa wa seliaki, ule ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, huifanya kinga ya mwili ibomoe utumbo mwembamba. Tumezifupisha na kuzijibu kwa mpangilio wetu wenyewe, kwa sababu jibu la kwanza ndilo linalofungua mengine.

SWALI: Nasomea kazi ya maabara. Tunafundishwa kwamba seliaki husababishwa na gluteni, lakini fomu ya kipimo imeandikwa tTG-IgA, na mwalimu anasema hiyo tTG ni kimeng'enya chetu wenyewe. Mwizi ni ngano, mbona anayesakwa ni mwenye nyumba? — Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Anayesakwa ni fundi wa nyumba. IgA ni aina ya kingamwili, na kipimo hutafuta zile zinazoishika tTG. Herufi tTG zinasimamia transiglutaminesi ya tishu, ambayo wataalamu wengi siku hizi huiita TG2. Ni protini ya asidi amino 687, na ipo karibu kila mahali mwilini: kwenye ini, kwenye kuta za mishipa ya damu, chini ya ngozi laini ya utumbo. Kazi yake ni kushona. Huishika asidi amino iitwayo glutamini kwenye protini moja, huishika lisini kwenye protini nyingine, kisha huziunga kwa kifungo ambacho vimeng'enya vya usagaji chakula havikifungui. Kidonda kinapopona, au seli inapokufa na yaliyomo ndani yake kuhitaji kufungashwa yasimwagike, kimeng'enya hiki huwa kazini.

Ndani ya seli hulala, kwa kuwa humo kalsiamu ni kidogo na GTP, molekuli ya nishati ya seli, ni nyingi. Nje ya seli kalsiamu ipo tele, hivyo kikitoka huamka. Hata huko nje hakikai macho muda mrefu: huoksidishwa kikazimika, na mchochota wa utumbo huweza kukiwasha upya. Kumbuka hilo, kwa maana ndiyo sababu mojawapo ya ugonjwa huu kujilisha wenyewe. Utumbo ukishachochota, kimeng'enya kinaamka zaidi, na kikiamka zaidi, mchochota unapata kuni.

Sasa tuje kwenye gluteni. Sehemu yake iitwayo gliadini ina glutamini nyingi mno, zaidi ya 3 katika kila asidi amino 10, na prolini nyingi pia. Prolini hukunja mnyororo wa protini kiasi kwamba pepsini ya tumboni na tripsini ya kongosho hushindwa kuukata. Mwaka 2002 watafiti wa Stanford walionyesha kipande cha asidi amino 33 kinachopita salama mbele ya vimeng'enya vyote vya usagaji na kufika utumboni kikiwa kizima. Kila mtu anayekula chapati ana vipande vya namna hiyo tumboni, na wengi hawadhuriki.

Kipande kama hicho kikipenya ukuta na kukutana na TG2 iliyo macho, kimeng'enya hukiona kuwa kitambaa kizuri cha kushona, hasa pale glutamini inapofuatwa na asidi amino nyingine yoyote, kisha prolini. Lisini ya kuunganishia ikikosekana karibu, maji huchukua nafasi yake. Glutamini hupoteza amonia na kugeuka asidi glutamiki. Ukipima uzito, badiliko hilo ni kama daltoni moja tu, yaani karibu uzito wa atomi moja ya hidrojeni, lakini mahali palipokuwa hapana chaji sasa pana chaji hasi.

Chaji hiyo moja ndiyo inayoleta balaa kwa mwenye jeni za HLA-DQ2 au HLA-DQ8. Jeni hizo hutengeneza sahani ambazo seli za kinga huwekea vipande vya protini na kuvionyesha kwa seli T, askari wa kinga wanaovikagua. Sahani ya DQ2 ina lisini, yenye chaji chanya, kwenye nafasi ya 71 ya mnyororo wa beta, nayo huvuta chaji hasi kama sumaku. Gluteni ambayo haijabadilishwa hukaa humo kilegevu na kudondoka. Iliyobadilishwa na TG2 hung'ang'ania, na seli T hupata muda wa kuitazama na kukasirika. Maabara za Oslo na Leiden zilionyesha hatua hii mwaka 1998.

Hapo bado hatujajibu mbona kinga inatengeneza kingamwili dhidi ya fundi. Maelezo yanayokubalika zaidi yalitolewa na Ludvig Sollid na wenzake wa Oslo mwaka 1997. Kimeng'enya kinapoishika gluteni, mara nyingine hushonana nayo wenyewe kwa wenyewe. Mwilini kuna seli B chache, zile seli zinazotengeneza kingamwili, zinazoitambua TG2, ambazo kwa kawaida hazifanyi lolote kwa kukosa kibali cha seli T, kwa kuwa seli T za kukishambulia kimeng'enya chenyewe hazionekani. Seli B hiyo inapomeza TG2, humeza na gluteni iliyonasa juu yake. Ikirudi kujionyesha, inaonyesha gluteni. Seli T ya gluteni hupita, huona adui wake anayemjua, na kutoa kibali. Seli B huanza kumwaga kingamwili, lakini zile inazojua kuzitengeneza ni za TG2. Kibali kimeombwa kwa jina la ngano, kikatumika dhidi ya fundi.

Mwaka huohuo wa 1997 kundi la Detlef Schuppan huko Berlin ndilo lililobaini kwamba shabaha ya kingamwili za endomisi (tishu laini inayozunguka nyuzi za misuli), zilizokuwa zikipimwa kwa darubini miaka mingi bila kujulikana zinashika nini, ni TG2. Ndipo kipimo chenu cha tTG-IgA kilipozaliwa.

Usiandike kwenye mtihani kwamba kingamwili hizo ndizo zinazobomoa utumbo, hilo halijathibitishwa. Wabomoaji wanaojulikana ni seli T za aina ya CD8 zilizo katikati ya seli za ukuta, zikichochewa na ishara ya kinga iitwayo interlukini-15. Kingamwili za TG2 tunazitumia kama moshi wa kutuonyesha moto ulipo. Na kwa kuwa kibali chake hutoka kwa seli T ya gluteni, gluteni ikiondoka kibali hukatika na kingamwili hushuka. Ni nadra kupata ugonjwa wa kinga kujishambulia ambao ukiondoa kitu kimoja sahanini, kingamwili dhidi ya mwili zinapungua.

SWALI: Mwanangu ana miaka 6. Anaharisha mara kwa mara, tumbo limevimba, damu iko chini na dawa ya chuma haisaidii. Ndugu aliye ng'ambo akanishauri nimwachishe ngano, nikafanya hivyo miezi mitatu, akapata nafuu. Juzi tumepima tTG ikawa hasi. Je, tumshukuru Mungu tuendelee na maisha? — Mama, Tanga

JIBU: Mama, pole kwa mahangaiko. Kipimo hicho kimesema tu kwamba mtoto ambaye hajala ngano miezi mitatu hana kingamwili nyingi za TG2, na hilo huweza kutokea awe na seliaki au asiwe nayo. Kwa watoto kingamwili hushuka haraka kuliko kwa watu wazima. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote, na ni baya kwa sababu linafunga mlango wa kujua.

Kwanza, kagueni yale yaliyo karibu na nyumbani. Giadia husababisha kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi na hata vijidole vya utumbo, vile vinavyonyonya chakula, kulala, na choo kimoja kikionekana safi hakitoshi. Pelekeni sampuli tatu za siku tofauti. Minyoo ya safura hunyonya damu na kuifanya dawa ya chuma ionekane haifanyi kazi. Na nafuu aliyoipata haithibitishi gluteni: ngano ina sukari ziitwazo fruktani ambazo huleta gesi kwa watu wengi wasio na seliaki.

Pili, ulizia kipimo cha jeni za HLA-DQ2 na DQ8. Hakijali mtoto anakula nini. Asipokuwa na hata moja, seliaki unaweza kuiweka kando karibu kabisa. Akiwa nazo, bado hujajua, maana Ulaya, ambako zimepimwa sana, watu 30 hadi 40 katika kila 100 wanazo na wanaougua ni wachache mno.

Akiwa nazo, itabidi arudishiwe ngano kwa mpango wa daktari wa watoto. Wataalamu wa Ulaya hawapendi jambo hilo lifanyike kabla ya mtoto kufikisha miaka 5 au wakati anapobalehe, ili lisivuruge ukuaji. Mwanao ameshavuka kizuizi cha kwanza. Mpango unaotumika sana ni angalau gramu 3 za gluteni kila siku kwa wiki 2, na mwili ukistahimili unaendelea hadi wiki 8 ndipo damu ipimwe. Kwa jiko letu hesabu ni hivi: gramu 100 za unga wa ngano zina takriban gramu 8 za gluteni. Chapati iliyotumia gramu 60 za unga ina karibu gramu 5. Andazi dogo la gramu 30 za unga lina kama gramu 2 na nusu. Kwa hiyo chapati moja kwa siku, au maandazi mawili, inavuka kiwango. Wanaokosea humpa mtoto kipande cha mkate Jumapili tu, kisha wanashangaa damu imerudi hasi.

Siku ya kupima, omba vitu viwili kwa sampuli moja: tTG-IgA na jumla ya IgA. Katika kila wagonjwa 100 wa seliaki, 2 au 3 hawatengenezi IgA ya kutosha, na kwao tTG-IgA itakuwa hasi hata utumbo ukiwa umebomoka. Jumla ya IgA ikiwa chini ya gramu 0.2 kwa lita, kipimo kibadilishwe kiwe cha IgG, aina nyingine ya kingamwili, mathalani kile cha gliadini iliyobadilishwa, kinachoandikwa DGP-IgG. Ndiyo, ni gliadini ileile iliyopita mikononi mwa TG2.

Mtoto akianza kutapika sana, kupungua uzito au kulegea katikati ya jaribio, acheni na mrudi kwa daktari siku hiyohiyo.

SWALI: Nina miaka 41. tTG-IgA yangu ni 18, na karatasi inasema kawaida ni chini ya 10. Daktari mmoja anasema ninao, mwingine anataka kamera tumboni. — Msomaji, Kampala

JIBU: Ndugu, mfuate wa kamera. Namba kubwa na namba ndogo hazizungumzi lugha moja. tTG-IgA ikivuka mara 10 ya kikomo cha maabara, kwako ingekuwa zaidi ya 100, seliaki inakuwa karibu hakika. Kwa watoto, miongozo ya Ulaya tangu 2012, na kwa urahisi zaidi tangu 2020, inaruhusu kuacha biopsi, yaani kukata vipande vya utumbo kwa kamera vikachunguzwe, iwapo kipimo cha endomisi kwenye damu ya siku nyingine nacho ni chanya. Lakini 18 haifiki hata mara mbili. Magonjwa ya ini, maambukizi ya utumbo na magonjwa mengine ya kinga huweza kuipandisha tTG-IgA kiasi hicho, kisha ikashuka yenyewe.

Usiache ngano kabla ya kamera. Mkumbushe mpimaji achukue angalau vipande 4 kutoka sehemu ya pili ya duodeni, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, na 1 au 2 kutoka mwanzo wake kabisa, kwa sababu uharibifu huwa wa madoadoa: hapa vijidole vimelala, sentimita chache mbele vimesimama. Kila kipande kikitolewa kwa mng'ato wake, badala ya viwili kwa mara moja, kinakaa vizuri na msomaji wa darubini haoni vijidole vilivyokatwa mshazari akadhani vimefupika. Na kama unatumia olmesartani kwa shinikizo la damu, sema mapema. Dawa hiyo huweza kulaza vijidole vya utumbo kwa namna inayofanana sana na seliaki.

Jambo la pembeni: 18 ya maabara moja si 18 ya nyingine. Vitendanishi vinatofautiana na vipimo vyake havibadilishani kama shilingi. Ukianza kufuatilia, baki maabara ileile.

SWALI: Tangu nigunduliwe, maziwa nayo yananisumbua. Hii ni gluteni iliyofichwa? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana, maziwa hayana gluteni. Hapa tunaingia kwa kimeng'enya kingine, laktesi, kinachokata sukari ya maziwa. Hukaa kwenye ncha za vijidole vya utumbo, na vijidole vikilala huondoka navyo. Sukari ya maziwa isiyokatwa hushuka kwa bakteria wa utumbo mpana, na wewe unapata gesi na choo cha maji. Vijidole vikirudi, laktesi nayo hurudi, kwa wengi ndani ya wiki hadi miezi kadhaa.

Kuna tahadhari moja. Watu wengi wazima wa kwetu hupungukiwa na laktesi kwa asili, bila ugonjwa wowote, isipokuwa katika jamii za wafugaji ambako jeni ya kuiendeleza ukubwani imeenea. Maziwa yakiendelea kukusumbua hata baada ya mwaka mzima wa lishe safi na tTG kuwa ya kawaida, huenda ndivyo ulivyo. Mtindi na maziwa mgando huvumilika zaidi kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya sukari.

SWALI: Nyumba yetu hapa Muscat ni ya watu wa pwani: boko boko, kaimati, halua, sambusa, mahamri. Mume wangu amekutwa na seliaki. Nikianza kuondoa, sioni kinachobaki. — Msomaji, Muscat

JIBU: Dada, kinachobaki ni kingi kuliko unavyodhani, ila hatari haiko unapoiangalia. Boko boko, kaimati, mahamri, sambusa, tambi, rava na chapati kila mtu anajua ni ngano. Hizo zinaondoka mchana kweupe. Wali, pilau, biriani, vitumbua, vibibi, ugali wa mahindi, mtama, ulezi, mihogo, ndizi, viazi, mbaazi, samaki na nyama vinabaki. Mkate wa kumimina unabaki ukiwa wa mchele mtupu. Wengine huongeza kijiko cha unga wa ngano ili ushikane.

Hatari iko kwenye vidogo. Mvuje, ambao maduka ya viungo ya Kihindi huuita hing, unaouzwa wa unga mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usigande. Soma paketi, utafute uliochanganywa na unga wa mchele. Halua hutegemea wanga uliotumika, hivyo muulize mpishi, usitazame rangi. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa na ngano. Vinywaji vya unga vya watoto na biskuti nyingi vina kimea cha shayiri. Uji wa lishe wa paketi, unaosifiwa kwa ulezi na soya, mara nyingi una ngano kwenye mstari wa tatu au wa nne wa viambato. Na neno shayiri lenyewe linatuchanganya: wengine huita hivyo hata oti. Oti si ndugu wa karibu wa ngano kwa protini zake, lakini husafirishwa na kusagwa pamoja nayo. Mwachie mumeo oti zile tu zilizothibitishwa hazina gluteni, na baada ya utumbo kutulia.

Kiasi gani kinadhuru? Jaribio lililochapishwa mwaka 2007 na Carlo Catassi na wenzake wa Italia liliwapa wagonjwa miligramu 50 za gluteni kila siku kwa siku 90, na vijidole vya utumbo vikaanza kuzorota. Miligramu 50 zimo katika takriban robo ya kijiko cha chai cha unga wa ngano. Kikomo kinachochukuliwa kuwa salama kwa walio wengi ni chini ya miligramu 10 kwa siku, nacho hakifiki hata nusu ya sehemu ya kumi ya kijiko hicho. Ndiyo maana Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, imeweka miligramu 20 kwa kilo kwa chakula kinachoandikwa hakina gluteni: mtu akila nusu kilo ya mkate wa namna hiyo, bado amekula miligramu 10.

Ukishaijua hesabu hiyo, jiko linajieleza. Chekeche iliyochunga unga wa ngano haisafishiki; nunua nyingine na uitie alama. Kibao na kifimbo cha chapati ni vya mti, vina nyufa; uvitenge kando. Mwiko vilevile. Sufuria ya chuma cha pua inaoshwa kwa sabuni, inatosha. Mafuta yaliyokaanga mandazi yasikaange viazi vyake. Unga wa ngano ukichekechwa jikoni huelea hewani na kushukia vyombo vilivyo wazi, kwa hiyo chakula chake kipikwe kwanza na kifunikwe. Walio Afrika Mashariki wana shida ya ziada ya mashine ya kusagia: ikitoka kusaga ngano, kilo za mwanzo za mahindi yako hubeba mabaki ya aliyekutangulia. Tafuteni mashine isiyosaga ngano kabisa, au msage nyumbani.

SWALI: Nina upele wa malengelenge viwikoni na magotini, unawasha vibaya. Nimeambiwa ni seliaki ya ngozi na nikaandikiwa dapsoni. Tumbo langu halina shida yoyote. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Inawezekana bila tumbo kulalamika. Ugonjwa huo huitwa dematitisi hapetifomisi, na shabaha yake ni ndugu wa TG2 aitwaye TG3, anayefanya kazi kwenye ngozi. Yupo na ndugu wa tatu, TG6, anayehusishwa na kuyumba mwendo kunakotokana na gluteni. Uthibitisho wa ngozi hutoka kwenye kipande kilichokatwa pembeni ya lengelenge, kwenye ngozi inayoonekana nzima, si katikati ya lengelenge. Humo IgA huonekana kama chembechembe ziking'aa kwenye ncha za ngozi ya ndani.

Kabla hujameza dapsoni, pima G6PD. Hiki ni kimeng'enya cha chembe nyekundu za damu kinachozilinda zisichomwe na oksijeni, na upungufu wake umeenea katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, pwani yetu ikiwemo. Mwenye upungufu akinywa dapsoni, chembe zake hupasuka: mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, macho yanageuka manjano, pumzi inakata. Ikitokea, acha dawa na ukimbilie hospitali. Hata mwenye G6PD nzima anahitaji hesabu ya damu kila wiki katika mwezi wa kwanza. Dapsoni hutuliza mwasho ndani ya siku chache lakini haigusi utumbo. Kinachotibu ni kuacha gluteni, na ngozi huchukua miezi mingi kuliko unavyotaka.

SWALI: Vimeng'enya vya ini, ALT na AST, vimepanda na homa ya ini B na C hazipo. Vina uhusiano na seliaki yangu? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Mara nyingi ndiyo. Hupanda kidogo kabla ya kuacha gluteni na hushuka ndani ya mwaka mmoja. Rudia kipimo baada ya miezi 6 na tena baada ya 12. Vikikataa kushuka huku tTG imeshuka, ini lichunguzwe kivyake, kwa kuwa homa ya ini ya kinga kujishambulia hupenda kuandamana na seliaki, kama yafanyavyo magonjwa ya tezi ya shingo na kisukari cha aina ya kwanza.

SWALI: Dada yangu anayo. Mimi sina dalili. Nipime? — Msomaji, Bujumbura

JIBU: Pima tTG-IgA na jumla ya IgA mara moja ukiwa unakula ngano kama kawaida. Kwa mzazi, mtoto au ndugu wa damu wa mgonjwa, uwezekano ni karibu 1 kati ya 10, wakati katika watu wote kwa jumla duniani ni karibu 1 kati ya 100. Kiwango hicho hubadilika mno kwa mahali na ukoo: miongoni mwa watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya 5 kati ya 100. Ukiwa hasi leo, unaweza kuwa chanya baadaye, hivyo rudia dalili zikitokea.

SWALI: Mtandaoni wanauza vidonge vya vimeng'enya, wanasema umeze kimoja kisha ule chapati. Na kuna habari za dawa ya kuzuia hicho kimeng'enya cha TG2. Ni kitu kimoja? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ni vitu viwili vinavyokwenda njia tofauti. Vidonge vya dukani vina vimeng'enya, vingi vya ukungu, vinavyojaribu kuikata gluteni tumboni kabla haijashuka. Vinaweza kupunguza chembe zilizoingia kwa bahati mbaya. Chapati ina gramu 5, yaani mara 500 ya ile miligramu 10. Kidonge kikikata sehemu 99 katika 100, ambayo ni ahadi kubwa mno, zinabaki miligramu 50, zilezile zilizozorotesha utumbo katika jaribio la 2007. Usivinunue kwa ajili hiyo.

Dawa ya kuzuia TG2 iitwayo ZED1227 inamfuata fundi mwenyewe: hujibandika kwenye mahali pake pa kushonea, ndani ya ukuta wa utumbo, asiweze kuibadilisha gluteni. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 yaliwapa wagonjwa waliokuwa wametulia gramu 3 za gluteni kila siku kwa wiki 6, huku wakimeza miligramu 10, 50 au 100 za dawa, au kidonge kitupu. Waliopewa kidonge kitupu vijidole vyao vilizorota. Waliopewa dawa vilihifadhika vizuri zaidi, hasa kwa miligramu 100, ingawa baadhi yao walitokwa na upele. Hadi tunapoandika haijaingia dukani, na watu waliojaribiwa walikuwa watu wazima ambao utumbo wao ulikuwa umeshapona kwa lishe. Anayekuuzia leo kwa jina hilo anakuuzia kitu kingine.